MOSHI WA JIKONI NA UGONJWA WA PUMU

Tuseme ni saa nane za usiku. Nyumba nzima imelala. Mara mtoto wako wa miaka sita anaamka na kukaa kitako kitandani. Hawezi kulala chali. Anakohoa kikohozi kikavu. Mabega yake yanapanda na kushuka. Kila anapotoa pumzi unasikia sauti kama ya filimbi kifuani mwake. Unamwuliza anaumwa wapi. Anakujibu neno moja moja, maana pumzi haimtoshi kusema maneno mawili kwa pamoja.

Wako watakaosema amerogwa. Wako watakaosema ni baridi tu, itapita. Na jirani mmoja atakuja na makaa katika kigae, aweke majani juu yake, amfukize mtoto kwa moshi ili kifua kifunguke. Jirani huyu ana moyo mwema. Lakini anachokifanya kinaweza kumwua mtoto. Leo katika ukurasa wetu wa afya tutaeleza kwa nini.

PUMU NI NINI?

Hewa tunayovuta hupita puani, ikaingia kooni, kisha ikashuka kifuani kwa njia moja kubwa. Njia hiyo hugawanyika mara mbili, moja kwa kila pafu. Kisha hugawanyika tena na tena. Fikiri juu ya mwembe uliosimamishwa miguu juu kichwa chini. Shina liko kooni. Matawi yameenea mapafuni. Mwisho wa vitawi vyembamba kabisa ndipo hewa safi inapoingia katika damu.

Mtu mwenye pumu ana matawi yaliyo mepesi kukasirika. Akikutana na kitu kinachomdhuru, mambo matatu hutokea. Kuta za ndani za njia za hewa huvimba. Misuli inayozizunguka njia hizo hukaza, kama mkono unaokamua kitambaa. Na makohozi mazito hujaa ndani. Njia iliyokuwa pana huwa nyembamba sana, na hewa inayojipenyeza hapo ndiyo inayopiga filimbi.

Kama wewe ni mzima na unataka kujua mgonjwa anaonaje, tafuta mrija mwembamba. Ziba pua yako na upumue kwa mrija huo tu, huku ukitembea kuzunguka nyumba. Hutamaliza mizunguko mingi kabla ya kuutupa. Mgonjwa wa pumu hana mrija wa kutupa.

Pumu haiambukizi. Huwezi kuipata kwa kula sahani moja na mgonjwa wala kwa kulala naye chumba kimoja. Mara nyingi huonekana katika ukoo: mama anayo, au shangazi anayo, na mtoto anayo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 duniani walikuwa na pumu, na watu 455,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Wengi wa waliokufa walikuwa katika nchi zisizo tajiri kama zetu. Huko pumu mara nyingi haitambuliwi, na ikitambuliwa dawa inayofaa haipatikani.

Neno moja kabla hatujaendelea. Si kila kikohozi ni pumu. Mtu aliyekohoa kwa wiki mbili au zaidi aende akapimwe kifua kikuu. Asikae nyumbani akijiita mgonjwa wa pumu kwa sababu tu babu yake alikuwa nayo.

MLINZI ANAYEPIGA KELELE BURE

Mwili wa mtu una walinzi wake. Kazi yao ni kupigana na vijidudu vya maradhi. Lakini kwa watu wengine walinzi hawa hukosea. Wanaona vumbi la godoro wanadhani ni adui. Wanapiga mbiu, mwili wote unainuka kwa vita, na adui hayupo. Hali hiyo huitwa mzio. Mtu mwenye mzio hupiga chafya nyingi, hutokwa na mafua mepesi kama maji, macho yanamwasha na kuwa mekundu. Kama ana pumu, kifua hubana.

Vitu vinavyowakosesha walinzi hawa tunaishi navyo. Kuna vidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyoishi katika magodoro, mito na mablanketi. Kinyesi chao hugeuka vumbi tunalolivuta. Kuna mende. Kuna manyoya ya paka. Kuna ukungu katika kuta zenye unyevu. Kuna chavua, yaani ule unga wa maua ya nyasi na miti unaopeperushwa na upepo. Na wakati wa kupura na kupepeta nafaka, vumbi lake ni taabu kubwa kwa wenye mzio.

Sasa moshi unaingia wapi katika habari hii?

Moshi hufanya kazi mbili mbaya. Ya kwanza kila mtu anaijua: unawasha. Hata asiye na pumu hukohoa akiukalia. Ya pili haionekani kwa haraka. Chukua ndimu, uikamue juu ya mkono ulio mzima. Hutasikia kitu. Ikamue juu ya mkono uliochunwa na miiba, utaruka. Ndimu ni ile ile, kilichobadilika ni ngozi. Ndivyo moshi unavyofanya ndani ya njia za hewa. Unazichuna kila siku, asubuhi na jioni. Kisha linakuja vumbi la godoro, au chavua ya nyasi, ambayo siku nyingine ingeleta chafya mbili tu. Safari hii inakuta ndani pameshachunwa na walinzi wamekwisha kasirika. Badala ya chafya mbili, mtoto anabanwa usiku kucha.

Ndiyo maana mzazi mwingine husema, "Mwanangu hadhuriki na moshi, anadhurika na vumbi." Huenda anasema kweli nusu. Vumbi ndilo lililobisha hodi, lakini moshi ndio uliokuwa umekwisha fungua mlango. Na sasa unaona kosa la yule jirani mwenye kigae. Anamletea moshi mtu ambaye njia zake za hewa zimekwisha vimba na kukaza.

MOSHI TUNAOUVUTA

Moshi wa kuni ni hewa zenye sumu zilizochanganyika na chembe ndogo sana za masizi na majivu. Zile kubwa hunaswa puani na kooni. Ndizo unazoziona nyeusi katika leso. Zinazodhuru zaidi huzioni. Ni ndogo kiasi kwamba unene wa unywele mmoja wa kichwa ni kama mara 30 ya chembe moja. Hizi hupita mpaka mwisho wa vitawi vya mapafu.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa kipimo kipya cha chembe hizo ambacho hewa isipite kwa siku. Jiko la mafiga matatu ndani ya chumba kisicho na dirisha hupita kipimo hicho mara kumi, mara ishirini, hata zaidi. Shirika hilo limekadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani. Kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Hao hawakufa kwa pumu peke yake. Wengi walikufa kwa nimonia, kwa maradhi ya moyo, kwa kiharusi, na kwa ule ugonjwa wa mapafu unaowapata kina mama waliopika kwa kuni miaka mingi. Bibi anayekohoa kila asubuhi na kupumzika mara tatu anapotoka kisimani huenda anaumwa ugonjwa huo, na watu husema ni uzee.

Tazama nani anakaa katika moshi. Ni mama, ni binti anayemsaidia, na ni mtoto mchanga aliyefungwa mgongoni. Baba hukaa nje chini ya mti akingoja chakula. Lakini aliyejenga jiko ni baba! Yeye ndiye aliyeamua kuwa dirisha halina haja. Tunasema hivi bila kumgombeza mtu. Ingefaa kila baba akae ndani ya jiko alilojenga tangu maharage yanapoinjikwa mpaka yaive, siku moja tu.

Moshi si wa kuni tu. Kibatari kinachowaka karibu na mto wa mtoto hutoa masizi usiku. Dawa ya mbu ya kuchoma hutoa moshi katika chumba kilichofungwa. Mifuko ya plastiki inayowashiwa moto uani, au kutumiwa kuwashia kuni, hutoa moshi mbaya sana. Sigara ya baba humfikia mtoto hata kama baba anavutia mlangoni. Yako pia matanuri ya matofali na ya mkaa, mabani ya kukaushia tumbaku, na mashamba yanayochomwa kabla ya mvua.

Wala msidhani shida hii ni ya vijijini peke yake. Mwezi wa Desemba 1952 moshi wa makaa ya mawe ulitanda juu ya mji wa London, Uingereza, kwa siku tano. Makaa hayo yalikuwa yakichomwa viwandani na katika meko za nyumba za watu. Maelfu ya watu walikufa. Mwaka 1956 nchi hiyo ikatunga sheria ya kusafisha hewa. Moshi wa makaa ukapungua, lakini ukaja wa magari. Mwaka 2013 mtoto wa kike wa miaka 9, aliyekuwa na pumu kali na aliyekaa karibu na barabara yenye magari mengi katika mji huo huo, alifariki dunia. Mwaka 2020 afisa wa sheria anayechunguza vifo aliamua kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake. Mama yake alisema kwamba angeambiwa mapema juu ya hewa hiyo, angehama.

MOSHI TUNAOUPENDA

Tuseme kweli. Moshi haukuachwa jikoni kwa uzembe tu. Wazee wetu waliutumia. Mahindi ya mbegu yaliwekwa kwenye uchaga juu ya meko ili wadudu wasiyale. Moshi ulizuia mchwa katika paa la nyasi. Jioni ulifukuza mbu. Mtu anayekuja kijijini na kusema "ondoeni moshi" bila kujibu mambo hayo hatasikilizwa, na ni haki asisikilizwe.

Basi tujibu. Kwa mbu, chandarua chenye dawa kinakinga vizuri kuliko moshi, na mtoto hupumua vyema ndani yake. Mbegu zinaweza kukaa juu ya meko, ikiwa jiko ni kibanda cha peke yake ambacho watu hawalali ndani. Au zikaushwe vizuri juani na kufungwa katika mifuko maalumu isiyopitisha hewa. Wadudu waliomo hufa kwa kukosa hewa. Mwulize bwana shamba juu ya mifuko hiyo.

Lipo na jambo jingine tusilofichana. Katika nchi jirani ya Malawi, watafiti walizigawia majiko bora familia za vijiji kadhaa, na vijiji vingine vikaendelea na meko ya zamani. Walifuatilia zaidi ya watoto 10,000. Matokeo yalitangazwa mwaka 2016: watoto wa majiko bora waliugua nimonia sawa na wenzao. Jiko bora peke yake halikutosha. Majiko mengine yaliharibika, na moshi wa taka, wa tumbaku na wa jirani uliendelea kuingia. Kwa hiyo usinunue jiko moja ukakaa ukidhani kazi imekwisha.

TUFANYE NINI?

Kubwa kuliko yote ni kumtenga mtu na moshi. Wakati mwingine hii haigharimu hata senti moja. Mtoto mwenye pumu asiketi jikoni. Mchanga abebwe na dada yake nje wakati mama anapika. Siku isiyo na mvua pika nje. Kama jiko liko ndani, toboa dirisha, na ukutani upande wa pili, juu karibu na paa, acha tundu ili moshi upate pa kutokea. Ukiweza jenga dohani, yaani bomba la kupitisha moshi mpaka juu ya paa. Lisafishwe masizi mara kwa mara, la sivyo litaziba na moshi utarudi ndani.

Kuni mbichi ndizo zinazotoa moshi mwingi. Pasua kuni zako, uzipange chini ya kibanda upepo upite, na utumie za zamani kwanza. Loweka maharage tangu jioni. Kesho yake yataiva mapema na utatumia kuni chache. Funika chungu. Ukimaliza kupika usiache vijinga vikifuka. Vichomoe na kuvizima kwa mchanga.

Mkaa hauna moshi mwingi, na wengi huupenda kwa sababu hiyo. Lakini una hatari yake. Usiingize jiko la mkaa chumbani mnapolala, hata kama ni baridi. Hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Familia nzima inaweza kulala na isiamke.

Gesi na umeme ni bora kwa mapafu kuliko vyote. Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilitangaza mpango wa nishati safi ya kupikia, ambao lengo lake ni asilimia 80 ya wananchi kuitumia ifikapo mwaka 2034. Hilo ni lengo jema. Lakini tunajua nyumba ambazo mtungi wa gesi umesimama pembeni kama pambo kwa sababu fedha ya kuujaza haipatikani. Ukiwa na gesi kidogo, itumie kwa chai ya asubuhi na uji wa mtoto. Ndiyo saa ambayo watoto wako ndani na milango bado imefungwa.

Kuhusu mzio: toa godoro na mablanketi nje juani. Nyunyiza maji kidogo kabla ya kufagia, na mwenye pumu asishike ufagio. Wakati wa kupepeta mpunga akae upande ambao upepo unatoka.

DAWA ZA PUMU

Wengi wanaogopa dawa ya pumu ya kuvuta mdomoni, ile inayoitwa inhela. Wanasema ukiianza huwezi kuiacha, au kwamba hupewa mtu aliyekaribia kufa. Si kweli. Inhela hupeleka dawa pale pale penye ugonjwa, kwa kiasi kidogo sana. Vidonge na dawa ya maji hupitia tumboni na kuzunguka mwili mzima, na ndiyo maana vidonge vya salbutamoli hufanya moyo kudunda na mikono kutetemeka.

Dawa za kuvuta ziko za namna mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza hufungua kifua kwa dakika chache. Ni salbutamoli, na mara nyingi kasha lake ni la bluu. Hii hulegeza misuli iliyokaza, lakini haiponyi uvimbe. Ya pili hupunguza uvimbe. Mojawapo huitwa beklometasoni. Hii huvutwa kila siku hata kama mgonjwa anajiona mzima, na baada ya kuivuta asukutue mdomo kwa maji na kuyatema. Mgonjwa anayetegemea ile ya bluu peke yake, na kuitumia mara nyingi, yuko hatarini. Ni sawa na kukinga ndoo chini ya paa linalovuja bila kuziba paa. Mwulize mganga wa zahanati juu ya dawa ya pili. Kama hana, akuandikie barua ya kwenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya.

Mtoto hawezi kubonyeza inhela na kuvuta kwa wakati mmoja. Dawa huishia ulimini. Kwa hiyo hutumia chombo cha katikati kinachoshika dawa kabla haijavutwa. Kile cha dukani ni ghali, lakini chupa ya plastiki ya nusu lita inafaa. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, walitangaza kwamba wamezijaribu chupa za soda kwa watoto waliobanwa na pumu. Chupa iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na chombo cha kiwandani.

Itengeneze hivi. Osha chupa kwa maji ya sabuni, uiache ikauke yenyewe bila kuifuta. Katika kitako chake kata tundu lenye umbo la mdomo wa inhela. Lisiwe kubwa. Chomeka inhela, uzungushie plasta pasiwe na mwanya. Tikisa dawa. Mtoto aweke mdomo wa chupa katikati ya midomo yake na kuibana. Bonyeza mara moja tu. Avute na kutoa pumzi polepole mara tano au sita. Ndipo utikise tena na kubonyeza mara ya pili. Mwonyeshe mganga chupa yako kabla hujaitegemea.

Sasa turudi kwa yule mtoto wa saa nane za usiku. Mwache akae wima, usimlaze. Fungua dirisha. Zima kibatari na uwashe tochi. Mtoe karibu na meko. Mpe dawa ya kufungua kifua kwa chupa kama mganga alivyokuelekeza. Kama hukuelekezwa, mpe mipulizo minne, mmoja mmoja. Asipopata nafuu, anza safari ya hospitali usiku huo huo, na umrudilie dawa njiani kila baada ya dakika ishirini.

Ziko dalili ambazo ukiziona hungoji hata hizo dakika ishirini. Midomo au kucha kugeuka rangi ya bluu au ya majivu. Nyama za katikati ya mbavu kuingia ndani kila anapovuta pumzi. Kushindwa kusema, kunywa au kunyonya. Kulegea na kusinzia. Na hii ya mwisho huwadanganya wazazi wengi: ile filimbi ya kifuani inanyamaza ghafla, lakini mtoto bado anahangaika. Usishukuru kwamba ametulia. Imenyamaza kwa sababu hewa haipiti tena. Amsha mwenye pikipiki, amsha mwenye gari, mwendeni.

Kama mtoto anasoma, mwambie mwalimu wake kwamba ana pumu, na umwonyeshe jinsi ya kutumia chupa. Mwalimu asimfagilishe darasa lenye vumbi wala asimsimamishe penye taka zinazochomwa. Na nyumbani, chupa na dawa vikae pamoja, mahali pakavu, mbali na jua na moto, mahali ambapo hata dada yake mkubwa anaweza kuvipata gizani.